Madam Aliyeyapa Mgongo Magari ya Bluu

Watu wengi hapa kwetu husema wanapenda mbio za magari. Waongo wakubwa. Wanapenda kelele, wanapenda chapati za mayai, wanapenda kupigwa picha kando ya barabara wamevaa miwani ya jua. Mimi katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu aliyezipenda mbio zenyewe, na mtu huyo alikuwa hawezi kupanda gari kutoka Koboko kwenda Arua bila limau puani na mfuko wa kutapikia mapajani.

Tulimwita Madam. Kwetu mwalimu wa kike ni Madam hata akistaafu, hata akizeeka, hata ukimkuta amechuchumaa anamenya muhogo. Mimi alinifundisha hesabu Ombaci, nje kidogo ya Arua. Baadaye maisha yakanileta Koboko, nikawa napitisha mizigo ya watu kwenye mpaka wa Oraba, na siku moja nikamkuta sokoni anachagua dagaa. Kumbe naye alikuwa amehamia huku, kwenye nyumba ya bati iliyo kwenye kona. Nikapiga goti kumsalimia. Alinitazama juu mpaka chini akasema, "Wewe! Kugawanya umejua, ama bado?" Basi, ndiyo karibu yangu Koboko.

Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha sokoni na kambini, kila kitu "iko". Mimi hiki changu kimenyooshwa na madereva wa malori wanaotoka Mombasa, na yeye alikuwa akinicheka. "Unasema kama redio," aliniambia. "Mutu anasikia wewe anatafuta kifungo ya kuzima." Simwigizi kwa dharau. Lugha ile ndiyo iliyonifundisha kujumlisha, na leo nikiikumbuka nasikia sauti yake yote, na kikohozi chake kidogo kabla ya kugomba.

Nyumba yake iko pale ambapo barabara ya vumbi, ikishaachana na lami, inateremka kuelekea kijito halafu inakata ghafla kushoto. Upande wa juu kuna ukingo wa nyasi, na hapo ndipo tunapokaa watazamaji. Upande wa chini ni shamba lake la muhogo. Dereva asiyeijua kona ile huijulia humo ndani ya muhogo.

Mara moja kwa mwaka mbio za taifa hufika West Nile, pembe yetu hii ya Uganda. Jumamosi magari hukimbia upande wa Arua, kwenye njia za kuelekea Vurra, na Jumapili huja kwetu. Siku hiyo ya pili anayeongoza ndiye anayetangulia, wa pili anaachiwa baada ya dakika chache, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye kona ya Madam Jumapili hana haja ya kuuliza nani anaongoza. Anayetokea wa kwanza ndiye mbabe, na ukitaka kubisha, bishana na vumbi.

Jumapili hiyo Madam alikuwa na utaratibu wake. Misa ya alfajiri, chai, kisha kiti. Kilikuwa kiti cha mbao alichopewa na shule siku ya kustaafu, kizito, mguu mmoja mfupi. Kiliwekwa pale pale ukingoni kila mwaka, chini ya mguu mfupi kipande cha tofali. Katekista alimwuliza siku moja kama ni vizuri kutoka kanisani kwenda kushangilia magari. Akamjibu, "Mungu nimemusalimia asubuhi, hakulalamika. Wewe ndio unalalamika?" Katekista mwenyewe mwaka uliofuata alikuja na mkeka wake, akakaa mstari wa mbele kabisa.

Alikuwa mtu wa ajabu, Madam. Pikipiki ya boda ikipita mlangoni kwake ikiguruma alitoka kuitukana mpaka mama yake dereva. Lakini gari la mbio likishuka kwenye mteremko linapiga risasi kwenye ekzosi, alifumba macho na kutabasamu kana kwamba anaimbiwa. Alichukia watu wa majivuno. Darasani ukisema "mimi" mara nyingi mno alikusimamisha ukutani. Na papo hapo hakuna mama aliyejivunia mtoto kuliko yeye. "Sijisifu," angesema, kisha ungekaa hapo mpaka chai ipoe unasikiliza habari za mwanawe.

Mwanawe wa mwisho ndiye dereva wetu. Ana gereji yake Koboko, na gari lake la mbio alilifufua mwenyewe kutoka kwenye vyuma vilivyokuwa vimekwisha kukatiwa tamaa: jeupe, mlango mmoja wa kijani kwa sababu ulitoka kwenye gari jingine lililokufa. Koboko nzima tunamwita Kijana Wetu, ingawa ana watoto na mvi zimeanza. Kila akipita kwenye kona ile, iwe siku ya mbio au siku ya kununua misumari, hupiga honi mara mbili. Mama yake alikuwa akiinua leso juu. Asipokuwa nje, aliiinua humo humo jikoni, peke yake.

Sasa nizungumzie sheria ya kona, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Magari yalikuwa yakianguka pale kila mwaka, na sheria ilikuwa ya Madam: gari likianguka, linanyanyuliwa. Huulizi ni la nani. Yeye ndiye aliyetupanga kama darasa, wenye mabega upande huu, warefu kule, mtu mmoja juu barabarani apunge shati jekundu kuwaonya wanaokuja. "Gari yenye imeanguka haina timu," alisema, na sisi tukaimba hivyo tukisukuma. Nimesukuma magari ya Wahindi wa Kampala, nimesukuma gari la mtu wa Gulu aliyetuita wajinga mwaka uliotangulia. Waandishi wa redio walikuwa wakisema ukianguka West Nile omba uangukie Koboko. Nikisikia hivyo kifua kinajaa mpaka leo, sitaki kuficha.

Halafu wakaja watu wa bluu.

Ilikuwa timu moja ya kutoka Kampala, magari mawili ya bluu, mapya, yanang'aa kama sufuria za harusi. Msimu wa kwanza tuliwapenda. Wallahi, hata mimi nilishangilia. Walishinda kwetu, wakashinda Mbarara, wakashinda kila mahali, wa kwanza na wa pili. Msimu wa pili vile vile. Msimu wa tatu ukifungua redio hujaisikia hata salamu, tayari unajua. Watu wakaanza kuondoka kwenye kona mara magari mawili ya kwanza yakipita, wanakwenda kulima. Wauza chapati walirudi na unga. Kulikuwa na raha gani? Unakwenda kutazama mchezo ambao umekwisha mwezi uliopita!

Tulikasirika kwa njia zote anazoweza kukasirika mtu asiye na la kufanya. Wengine walisema matairi yao yanatoka Dubai yamelishwa dawa. Wengine walisema petroli yao si petroli. Madereva wangu wa malori pale Oraba walibishana mpaka mzigo ukachelewa forodhani. Mtu mmoja tu alifurahi, na huyo ni Papa wa Vitenge, mfanyabiashara kutoka Ariwara upande wa Congo, aliyekuwa na duka lake sokoni kwetu. Alishona shati la bluu makusudi. "Miye napenda mutu mwenye kushinda," alisema. "Mutu mwenye kushindwa, nitamupenda juu ya nini? Ni ndugu yangu?" Tungempiga, lakini alikuwa akikopesha vitenge kwa wake zetu bila maneno.

Basi watu wa Koboko wakaitisha mkutano. Wakataka wajumbe waende Arua kwa waandaaji, waombe magari ya bluu yafungwe uzito, au yaanze nyuma kabisa, au yapumzishwe msimu mmoja. Palipigwa makofi mengi. Mimi nilipiga. Madam alikaa kimya, jambo lililotutia hofu, kisha akakohoa kile kikohozi chake.

"Mnataka wafungwe mawe ndio mutoto yangu ashinde?" akauliza. "Mimi nimefundisha. Kulikuwa na musichana alikuwa namba moja kila muhula, wazazi wakachukia. Nimufunge mukono wa kuandika? Hapana. Niliwaambia watoto wao wasome."

Mtu akasema kwa nyuma, "Kwa hiyo Madam unawapenda hawa?"

"Nani? Mimi?" Akasimama. "Mimi nimechoka na wao mpaka hapa." Akajishika kooni. "Nyama kila siku iko adhabu. Nikiona ile rangi, chai inarudi juu. Lakini kuwafunga, hapana. Na kuwazomea pia hapana. Ukizomea mutu umemupa sauti yako bure. Mwaka huu mimi nitawapa mugongo."

Hatukuelewa mpaka Jumapili ya mbio. Tuliposikia gari la kwanza likishuka, na sote tukijua ni la bluu, Madam alisimama, akageuza kile kiti kizito, akakaa akiangalia shamba la jirani. Gari likapita nyuma yake. La pili la bluu likapita. Kisha akasimama tena, akakigeuza kiti, akakaa kuyatazama magari mengine yote, na Kijana Wetu alipokuja wa tatu akapiga honi, leso ikaruka juu.

Ebo! Mwaka uliofuata kona nzima ilifanya hivyo. Watu wazima, akina mama wenye watoto mgongoni, katekista, wote tunageuka kwa pamoja, kimya, unasikia injini tu na mawe yanavyorushwa. Redio zilitangaza. Watu wa kona nyingine, hata kule njia za Vurra, wakaiga. Wanasema dereva wa bluu alimwambia mwandishi mmoja kwamba kelele za kuzomewa alizizoea kila mahali, lakini kule Koboko alihisi anakimbia peke yake msituni. Tulipolisikia hilo tulicheka wiki nzima. Papa wa Vitenge peke yake ndiye aliyebaki ameelekea barabara, shati lake la bluu limemkaa tumboni, anapiga makofi mpaka viganja vinauma.

Lakini watu hawaridhiki. Ijumaa moja kabla ya mbio, Madam alikuta jiwe kwenye kona, limefichwa kwenye nyasi pale ambapo gurudumu la ndani hupita. Jiwe la kuvunja ekseli. Hakuuliza nani. Aliliviringisha mpaka kwake, mwanamke wa umri ule, na kesho yake kila aliyepita kumsalimia alionyeshwa. "Kuna mutu amenipa zawadi," alisema. "Nitamushukuru nikimujua." Nilimwona jirani mmoja akimeza mate. Jiwe lile mpaka leo ndilo linaloshikilia mlango wa jiko lake usigongwe na upepo.

Na ndipo ukaja mwaka ule. Nausimulia polepole maana bado unanichoma, na bado unanipa fahari, vyote pamoja.

Jumamosi upande wa Arua gari la pili la bluu liliua injini. Likabaki moja. Na Kijana Wetu, na ule mlango wake wa kijani, alikuwa wa pili nyuma yake. Jumapili kona ilijaa kama siku ya Idi. Watu walikuja kutoka Oraba wakiwa wamefunga meza zao za kubadilisha fedha. Madam alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Alijaribu kugomba, hakuweza, uso ulikuwa unamsaliti. Kila mtu aliyefika alimwambia, "Madam, leo!" Naye alijibu, "Nyamaza. Leo iko ndefu."

Injini ikasikika. Tukageuka. Kiti kikageuzwa. Mamia ya migongo.

Nilisikia gari likishuka, nikasikia likichelewa kukata, nikasikia mawe, kisha kishindo, kisha muhogo unavunjika. Halafu kimya. Sisi wote tulikuwa tunatazama shamba la jirani! Mtu mmoja tu ndiye aliyeona, yule aliyekuwa ameelekea barabara, na sauti yake ikapasua pale: "Imeanguka! Ile gari imeanguka! Mama yangu weee!"

Tukageuka. Gari la bluu lilikuwa limelala ubavu katikati ya muhogo, magurudumu yanazunguka bure. Dereva na mwenzake walikuwa wanatokea dirishani, wazima. Na kelele iliyopanda pale, Mungu anisamehe, ilikuwa kelele ya furaha. Watu walikumbatiana. Dereva alisimama kwenye matuta akatutazama, halafu akaegemeza bega lake kwenye paa la gari, yeye na mwenzake, watu wawili, likatikisika tu na kurudi. Hakutuita. Nadhani alikuwa anajua ni migongo ya nani ile.

"Iache hapo," mtu akasema. "Iache ilale." Wengine wakaitikia. Mimi nilikunja mikono, na laiti ungekuwepo, nawe ungeikunja. Dakika chache tu, Kijana Wetu apite, na kikombe kije Koboko. Hakuna kosa lolote. Hakuna jiwe, hakuna mtu aliyemgusa. Ni Mungu mwenyewe aliyeamua.

Madam alivua viatu vya kanisani akaviweka chini ya kiti, kimoja kando ya kingine. Akajifunga kitenge kiunoni, akashuka ukingo akiwa amekaa, anateleza, akavuka barabara, akaingia kwenye muhogo wake. Akaweka viganja vyote viwili kwenye paa la lile gari alilokuwa akiligeuzia kiti miaka yote. Akasukuma. Wallahi alisukuma peke yake, mishipa ya shingo imesimama, na gari halina habari.

"Madam, mtoto wako anakuja!" nikapiga kelele.

Akageuza uso, na sijawahi kuogopa uso wa mtu namna ile tangu darasa la nne. "Ndio anakuja!" akasema. "Akute nini? Akute watu ama akute fisi?"

Papa wa Vitenge alikuwa ameshafika, shati la bluu limeshika kwenye mti wa muhogo, anasukuma karibu naye. Bado sisi tumesimama. Ndipo Madam akasema yale maneno, hakuyapaza hata kidogo, kama mtu anayekukumbusha jedwali ulilokariri mwenyewe: "Gari yenye imeanguka haina timu."

Katekista alishuka wa kwanza. Kisha nani, kisha nani, mpaka miguu yangu nayo ikanipeleka. Mwenye shati jekundu akakimbilia juu kwenye mteremko. Tulilisukuma lile gari kwa hasira, nakuambia, kwa hasira tupu, mtu analia huku anasukuma. Likasimama, tukaliburuta mpaka barabarani, likakohoa, likawaka. Na gari jeupe likatokea juu ya mteremko, likapunguza kwa ajili ya shati jekundu. Kijana Wetu akaona kila kitu. Akamwona mama yake, udongo mpaka kwenye nyusi, viganja vyake vikiwa bado kwenye mkia wa gari la bluu likiondoka.

Walimshinda kwa muda wa kumeza mate. Jioni ile kikombe kilirudi Kampala kama kawaida yake.

Koboko ilinuna. Kuna mama alikataa kumwuzia Madam nyanya. Mwanawe akapita kwenye kona ile siku nyingi bila honi, na hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa akilisikia gari, anashika leso, halafu anaikunja tena. Siku moja nilikuwa kwake, tunakula enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, na majani ya kunde, Kijana akaingia. Hakukaa.

"Mama," akasema, "siku ile ungeniachia tu. Ungekaa kwenye kiti yako. Hakuna mutu angesema kitu."

"Ningekuachia nini?" akamjibu. "Kikombe ya mutu mwenye analala kwenye muhogo yangu? Ungekiweka wapi? Mimi ningekisugua na nini kikang'aa?"

"Mimi nimetengeneza ile gari miaka mingi. Wewe unajua."

"Najua." Akalirudisha tonge sahanini. "Nilitaka ushinde mpaka tumbo iliniuma. Bado inauma. Lakini mimi sikuwasaidia kushinda. Niliwasaidia kusimama. Kuwashinda iko kazi yako. Kaa, kula."

Akanawa mikono akakaa. Walikula, mama anamsogezea majani upande wake. Alipoondoka, kule barabarani tukasikia honi mara mbili. Madam hakungoja kutafuta leso. Aliinua kitambaa cha kufutia vyombo, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Dereva wa bluu alikuja mwenyewe baadaye, na mfuko wa sukari na sabuni, akapiga magoti vizuri. Madam alimkaribisha, akampa chai ya sukari ile ile, akamwuliza habari za mama yake. Sisi tukasema sasa yamekwisha. Mwaka uliofuata gari la bluu liliposikika, akageuza kiti kama kawaida! Nikamwambia, "Madam, na sukari?" Akasema, "Sukari nilikunywa, iko tamu. Mugongo iko pale pale."

Mwaka jana kikombe kilikuja Koboko. Hilo unalijua, na kama hulijui basi hukuwa Uganda. Watu watakusimulia habari za msafara, ngoma na ng'ombe aliyechinjwa. Mimi nitakusimulia habari za kiti.

Miguu yake ilikuwa imevimba, siku hizo alikuwa haendi mbali zaidi ya choo na jiko. Alfajiri padri alimletea komunyo nyumbani. Tulimbeba juu ya kiti chake, mimi upande huu na Papa wa Vitenge upande ule, mpaka ukingoni, naye anatuita wavivu njia nzima. Nikaweka kipande cha tofali chini ya mguu mfupi. Jumamosi ile, upande wa Arua, Kijana Wetu alikuwa amewapita watu wa bluu, wote wawili wakiwa wazima. Sisi tulikuwa hatujalala. Lakini Madam alikuwa na swali moja tu, ameniuliza tangu asubuhi mpaka nikachoka: "Wale bado wanakimbia? Hakuna kitu kimewavunjikia?"

Injini ikasikika. Kwa mazoea ya miaka, watu wakaanza kugeuka, na tukakumbuka, tukacheka, tukarudi kuangalia barabara. Mlango wa kijani ukatokea juu ya mteremko, wa kwanza, ukakata kona ile safi, vumbi likatufunika sote, na ndani ya vumbi honi mara mbili. Leso ikapanda. Watu walipiga kelele ambazo nadhani Kaya walizisikia, kule ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini. Nililia, sina aibu. Papa wa Vitenge alilia pia, ingawa alisema ni vumbi.

Madam hakulia. Alishika mkono wangu akaniambia ninyamaze, akatega sikio kule juu. Tukasubiri. Uso wake ulikuwa na wasiwasi kuliko ulivyokuwa kabla mwanawe hajapita. Kisha kule mbali ikaja sauti nyingine, nzima, kali, tunayoijua sote.

"Wanakuja," akasema, na akashusha pumzi.

Migongo yote ikageuka, kimya. Nami nikashika kiti kwa nyuma ili nimgeuze, kama nilivyokuwa nikimsaidia miaka ya mwisho. Akanipiga kibao kwenye mkono.

"Wacha kiti," akasema. "Leo nataka kuwaona."

Basi tulikuwa watatu tu tuliotazama barabara: Madam, mimi, na Papa wa Vitenge katika shati lake la bluu lililochakaa. La kwanza la bluu likashuka, likainama kwenye kona, jua likapiga ubavuni, mawe yakaruka, likapita limesimama imara kwa magurudumu yake yote manne. Madam akainua mikono yake iliyokunjamana akawapigia makofi, polepole, mpaka vumbi lilipotulia.

"Kumbe iko nzuri hivi," akasema, macho bado barabarani. "Miaka yote sikujua iko nzuri hivi." Akajifuta uso kwa ile leso. "Na mutoto yangu ameipita."